Aliyembeba Bonface

Kidato cha Nne cha mwaka wa 1980 kilikuwa na sheria moja ambayo hakuna mwalimu aliyeitunga. Wakikutana, marehemu husemewa na aliyemzika. Si aliyempenda zaidi, si aliyekaa naye dawati moja, wala si mwenye maneno matamu, maana wa aina hiyo walikuwa wengi na wangemaliza soda zote kabla ya kumaliza hotuba. Anayesema ni yule aliyekuwapo siku ile kaburini, aliyeshika jeneza au aliyetupa udongo. Kama hakuna hata mmoja aliyefika, jina husomwa, watu husimama, kisha huketi bila neno. Huko kuketi bila neno kulikuwa kunauma kuliko msiba wenyewe, ndiyo maana siku hizi mtu akisikia mwenzake wa darasa amefariki, awe popote, hufunga duka akaenda.

Mwaka huo wa 1996 walikutana Homa Bay, Jumamosi moja ya Agosti, kwenye hoteli ya Sharif. Sharif alikuwa mmoja wao. Baba yake alimpeleka katika shule ile ya mlimani nje ya Migori akiwa hajui neno hata moja la Kijaluo, akatoka anayajua yote, yakiwemo yale yasiyosemwa mbele ya mama mkwe. Sasa alikuwa akiuza pilau na chai karibu na gati, na siku hiyo alikuwa ameunganisha meza nne na kuzifunika kitambaa kimoja kisichozitosha. Kutoka dirishani maji ya ziwa hayakuonekana. Lilionekana gugu maji tu, kijani tupu kutoka gatini hadi mbali, na mgeni angeuliza ni shamba la nani.

Darasa lilikuwa la watu thelathini na sita. Walioketi pale walikuwa kumi na wanne. Tisa walikuwa wamekufa, na kati ya hao tisa, sita walikuwa wamekwenda ndani ya miaka minne, wakikonda kwanza. Kilichowakondesha hakikutajwa mezani. Ilisemwa tu "aliugua," na aliyesikia akaitazama sahani yake.

Aliyeyasoma majina alikuwa Onyancha, prifekti wao wa zamani, ambaye hata baada ya miaka kumi na sita alikuwa bado akiongea kama anayetafuta aliyechelewa kuamka. Alikuwa na daftari lenye mistari. Upande wa kushoto jina la marehemu, upande wa kulia jina la msemaji wake.

"Bonface Odera," alisoma.

Mirumbe akasimama.

Huyu Mirumbe alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania, mfupi, mwenye kifua kipana, afisa wa vipimo na mizani katika ofisi ya Migori. Kazi yake ilikuwa kuzunguka masokoni na mawe yake ya shaba ndani ya kisanduku, kuzipima mizani za wauza sukari na wauza samaki, kisha kuzipiga muhuri au kuzikamata. Kazi ilimfaa, kwa sababu Mirumbe alikuwa mdadisi wa kupindukia. Hakuweza kuona kitu kimefungwa asiulize kina nini ndani. Mkewe alisema kwamba mgeni akifika kwao na mfuko, Mirumbe huusalimia mfuko kwanza.

Maneno yake juu ya Bonface wote waliyajua, kwa kuwa aliyasema mwaka juzi na mwaka jana. Bonface alizama mwezi wa Mei mwaka wa 1983, kati ya Mbita na kisiwa cha Mfangano, akivua mbuta. Mirumbe alipata habari kwa mtu, akasafiri siku nzima na nusu, akafika kisiwani asubuhi ya maziko. Walimpa nafasi ya mbele katika kulibeba jeneza, yeye mgeni, na wajomba wa marehemu wakakaa nyuma.

"Lilikuwa zito," Mirumbe alisema, na kama kawaida akagusa bega la kulia. "Tuliteremka nalo kutoka nyumbani, njia ina mawe, na tulipofika pale penye mteremko nikamsikia Bonface akigeuka ndani. Aligeuka kabisa. Nikasema moyoni, jamani, hata leo hawezi kutulia? Mnakumbuka alivyokuwa dawatini. Nilikaa naye miaka minne na sikuwahi kuandika mstari ulionyooka."

Watu wakacheka hapo, kama walivyocheka mwaka jana, kicheko cha watu wanaojifuta macho. Ila upande wa mwisho wa meza kulikuwa na mtu aliyecheka vingine. Alikuwa Jeremiah wa Karungu, ambaye alikuwa akifanya kazi Nakuru kwa miaka mingi na huu ulikuwa mkutano wake wa kwanza. Alicheka kama mtu aliyesimuliwa kisa cha kuchekesha na anakijua mwisho wake.

"Aki Mirumbe, wewe!" alisema. "Ilibingirika, si ndio? Yago ilibingirika!"

Awino, aliyeketi karibu na Mirumbe, akaweka kijiko chini.

"Ati nini ilibingirika?" Mirumbe aliuliza.

"Yago." Jeremiah alitazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia. "Si mimi pia nilikuwa hapo? Ilikuwa yago kwa sanduku. Kwani... kwani hukuwa unajua?"

Hapa lazima isemwe yago ni kitu gani, maana Mirumbe mwenyewe ilibidi aambiwe. Ni tunda la mwegea, lile refu, la kijivu, zito kama gogo, linaloning'inia mtini kwa kamba yake ndefu. Haliliwi. Lakini Wajaluo, na Wasuba wa visiwani pamoja nao, mtu wao akifia mahali ambapo mwili hauwezi kupatikana, majini au vitani au nchi ya mbali, hawamwachi bila kaburi. Hukata yago, wakalilaza nyumbani, wakalilia, wakalizika kama mtu, na kuanzia hapo marehemu huhesabiwa amelala kwao. Kila mtoto wa pwani ya ziwa analijua jambo hili kabla hajajua kusoma. Mtoto wa Isebania halijui, na hakuna sababu ya kulijua.

Mirumbe alimgeukia Awino. Awino alikuwa wa Rusinga, mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, pale Mbita, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, na siku hiyo sauti ilimpotea. Ndiye aliyempokea Mirumbe kisiwani asubuhi ile ya mwaka wa 1983. Ndiye aliyemwambia kwamba jeneza halifunguliwi kwa sababu marehemu alikaa majini siku nyingi.

"Awino, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na wote mlijua?"

"Wenye tulikuwa hapo, ndio."

"Miaka kumi na tatu! Mwaka juzi nilisimama nikasema hayo maneno, wewe ukiwa umekaa hapo hapo. Mwaka jana pia. Ulikuwa unanicheka?"

"Sikucheka, Mirumbe. Mungu anajua sikucheka."

"Basi kwa nini hukuniambia?"

Awino alizungusha kijiko juu ya kitambaa. "Niliambiwa nisiseme," alisema mwishowe. "Na mwenye aliniambia bado ako hai. Muulize yeye."

"Nani?"

"Mamake."

Mtu mwingine angekasirika kwanza. Mirumbe naye alikasirika, lakini hasira ilikuja ya pili. Ya kwanza ilikuwa maswali, na yalikuja yakikanyagana. Kama mwili haukupatikana, Bonface alikufa kweli? Awino akamwambia ndiyo, walikuwa wawili katika mashua ilipopinduka, mwenzake aliokolewa na alimwona akizama. Walitafuta siku ngapi? Nne. Na jeneza, mbona lilikuwa zito? Kwa sababu lilitengenezwa na fundi wa mashua pale ufukweni, kwa mbao za mvule zilizobaki, na fundi huyo hakuwa na mkono mwepesi. Sharif, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la chai, alijaribu kuleta mzaha. Alisema kwamba mkaguzi wa mizani wa Migori nzima amepunjwa na tunda. Hakuna aliyecheka, na Sharif mwenyewe akarudi jikoni amejuta.

Kisha Onyancha akakohoa. Kalamu yake ilikuwa imesimama kwenye mstari wa Bonface.

"Sasa niandike nini?"

"Andika kama kawaida," Sharif alisema kutoka jikoni.

"Sheria ni aliyemzika," Jeremiah alisema taratibu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu wa wale wanaopenda mambo yanyooke, na alikuwa amekwisha kuharibu chakula cha watu. "Samahani, lakini kama ni hivyo, hakuna mtu alizika Bonface. Hata mimi. Tulizika yago. Itabidi tusimame, halafu tukae."

Mirumbe aliitazama kalamu. Bonface kuketiwa bila neno! Bonface, ambaye alikuwa akiongea hata usingizini, ambaye mwalimu wa hesabu alimhamisha mara saba na mara saba akajikuta ameongeza tu idadi ya wanaopiga kelele. Wangesimama, viti vingekwaruza sakafu, wangeketi, na Onyancha angefungua ukurasa mwingine. Na yeye Mirumbe angekuwa nani? Mtu aliyebeba tunda kwa bega moja akalia mbele ya watu wanaolijua.

"Acha nafasi," alimwambia Onyancha. "Usiandike. Usisimamishe watu. Nitakuja kukuambia."

Onyancha akaacha mstari wazi. Alipiga kidoti kidogo pembeni, akasoma jina lililofuata.

Asubuhi ya Jumapili Mirumbe na Awino walikuwa Mbita, wakingoja boti ya injini iendayo Mfangano. Awino alikuwa amefunga leso mpya na kununua kilo mbili za sukari za kumpelekea mama yule, na mwuzaji alipomwona Mirumbe aliongeza kiganja kizima bila kuombwa. Siku nyingine Mirumbe angesimama kumuuliza alichoogopa. Leo hata hakugeuka.

Ndani ya boti alimuuliza Awino yote aliyopaswa kuuliza mwaka wa 1983. Nani alilikata lile tunda? Lilivikwa nini? Lililala upande gani wa nyumba? Awino alijibu aliyoyajua. Lilikatwa na baba mdogo wa marehemu. Lilivikwa shati la Bonface na suruali yake ya shule, ile ya kijivu. Suruali hiyo Mirumbe aliikumbuka. Kisha akauliza:

"Wewe siku hiyo ulilia?"

"Sana."

"Ukijua ni yago?"

"Mirumbe, kwetu hiyo si yago tena ikishawekwa kwa nyumba. Ni mtu. Ni vile tu..." Awino akaukunja uso wake kwa jua. "Kila mtu analia vile anaweza. Wengine wanaweza, wengine inawashinda."

"Nani ilimshinda?"

"Wewe maswali yako haiishi?"

Hayakuisha, ila injini ilikuwa na kelele na abiria walikuwa wameanza kusikiliza, kwa hiyo akayarudisha moyoni akaendelea nayo peke yake. Kilichomsumbua zaidi kilikuwa hiki: wangeweza kumwambia. Lilikuwa jambo la dakika moja. Mtu amefika kutoka mbali, mnamshika mkono, mnamwambia, ndugu yetu, kwetu tunafanya hivi na hivi. Angeelewa. Wakuria nao wana yao. Badala yake walimfunga macho kwa makusudi na kumweka mbele, na hilo halifanyiki kwa bahati mbaya. Ama walimdharau, au kulikuwa na sababu. Na kama walimdharau, aliona heri kujua leo kuliko kufa akihadithia mzaha ambao yeye ndiye mzaha wenyewe.

Nyumba ya mama yake Bonface ilikuwa juu kidogo ya ufukwe, ya bati, na uani kulikuwa na nyavu kuukuu ambazo sasa zilizuia kuku wasiingie kwenye mboga. Mama alikuwa ametoka kanisani. Watu wa pale walimwita Min Bonface, yaani mama wa Bonface, kama walivyomwita wakati mtoto wake yu hai, na hakuna aliyewahi kufikiria kumbadilishia jina. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyepara samaki maisha yake yote. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuziana na watu wa kutoka mbali, na alikitumia bila haya.

Alimtazama Mirumbe kwa muda mrefu kabla ya kumpa mkono.

"Huyu ni ule kijana," alimwambia Awino. "Ule mfupi."

"Ni mimi, Mama. Shikamoo."

"Umenenepa. Ingia ndani. Mtu anakula kwanza."

Mirumbe alijaribu kusema kwamba amekuja kuuliza jambo. Mama akasema jambo lina miguu, litangoja. Akaletwa samaki wa ngege aliyechemshwa kwa nyanya, ikaletwa na sima, na Mirumbe akala huku swali limemkwama kooni pamoja na mwiba. Alipotaka kunawa kabla ya kumaliza, Mama aliiangalia sahani, akamwangalia, na Mirumbe akaendelea kula. Awino aliinamisha kichwa kuficha tabasamu.

Vyombo vilipoondolewa, Mirumbe alisema. Alisema moja kwa moja, maana hakujua njia ya kuzunguka.

"Mama, jana nimeambiwa kwamba kwenye jeneza hakukuwa na Bonface. Kulikuwa na yago. Nimeambiwa pia kwamba wewe ulikataza nisiambiwe. Nimekuja kujua kwa nini."

Mama hakushtuka. Alichukua kikapu cha maharage, akakiweka mapajani na kuanza kuyachambua.

"Nani alisema?"

"Jeremiah wa Karungu."

"Ule alikuwa na mdomo hata akiwa mtoto." Alitupa kijiwe nje ya mlango. "Ni kweli. Mimi nilikataza."

"Kwa nini, Mama? Mliona mimi ni mtu wa kuchezewa?"

"Sikiza," Mama alisema. "Mimi sikulia."

Mama aliokota kijiwe kingine.

"Siku nne wakitafuta, sikulia. Nilikuwa nasema wataleta. Wakarudi mikono mitupu. Halafu shemeji yangu akaenda kukata yago, wakavalisha nguo ya mtoto yangu, wakaweka kwa nyumba, wakaniambia, lala karibu na yeye. Nikalala. Wanawake wote walikuwa wanalia, huyu Awino alikuwa analia. Mimi macho kavu. Watu wakaanza kusema, huyu mama moyo yake ni jiwe. Lakini utalia aje? Mimi nilikuwa najua mti yenye ilitoka. Ile ya kando ya mto, hapo chini. Mbuzi yangu ilikuwa inalala chini yake. Unalilia aje kitu yenye unajua mti yake?"

Mikono yake ilikuwa imeacha kuchambua.

"Wengine waliweza. Ni desturi yetu na mimi sidharau. Lakini ilinishinda. Nikasema, basi, mimi nitazika mtoto na macho kavu, na hiyo itabaki na mimi mpaka nikufe. Asubuhi wewe ukakuja. Kijana mfupi, viatu imejaa matope, hata hukusalimia mtu. Ukapita katikati ya wanawake, ukalala juu ya sanduku, ukaanza kuongea na yeye. Unapiga sanduku hivi na mkono. Unamuuliza kitu, halafu unanyamaza, kama mwenye anangoja ajibu. Na mimi nikaangalia hiyo sanduku, nikaona Bonface ako ndani."

Awino alikuwa amejifunika uso kwa leso.

"Hapo ndipo nililia," Mama alisema. "Nikalia mpaka wakanishika. Na nikaita huyu msichana, nikamwambia, mwenye ataambia huyo kijana kitu iko ndani, ataniona. Na akitaka kubeba, abebe mbele. Wajomba walikasirika. Nikawaambia, mimi ndio mama."

"Nilidhani mlinicheka," Mirumbe alisema. Sauti yake haikuwa ya afisa tena.

"Nani atacheka? Watu wote siku hiyo walizika yago. Wewe peke yako ulizika Bonface. Mimi nilitembea nyuma yako, nikaangalia mgongo yako tu, sikuangalia kitu ingine. Ndio nikafika."

Mirumbe aliinama akaweka viwiko magotini. Alilia bila kujificha, kama alivyolia siku ile, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Hakuwa na haya tena ya tunda wala ya bega lake. Alikuwa na huzuni tu, ile ile ya zamani, na alishangaa kuikuta bado ni nzima.

Baada ya muda Awino alimwambia kwa sauti ya chini, "Nitamwambia Onyancha aandike jina lako."

"Aandike," Mama alisema, ingawa hakujua Onyancha ni nani. Kisha aliweka kikapu kando. "Sasa hata mimi niko na swali. Wewe umeuliza, nimejibu. Na mimi nimengoja miaka mingi kuliko wewe."

"Uliza, Mama."

"Hiyo siku uliongea na yeye Kikuria. Maneno mingi. Nikauliza watu wa hapa, ulisema nini? Hakuna mwenye alijua. Nimekaa na hiyo swali. Usiku mwingine inaniamsha. Ulikuwa unamuuliza nini mtoto yangu, halafu unanyamaza?"

Mirumbe alipangusa uso kwa kiganja. Katika miaka yote hiyo, na mikutano yote mitatu, hakuwahi kumwambia mtu sehemu hiyo. Si kwamba ilikuwa siri. Ilikuwa inamuumiza, basi.

"Bonface alikuja kwetu mara tatu," alisema. "Likizo tatu. Alilala kwetu, akachunga ng'ombe na sisi, mama yangu alimzoea akawa anamtuma sokoni. Na kila akiondoka ananiambia, sasa ni zamu yako, njoo kwetu nikuonyeshe nyumbani. Mimi nasema nitakuja. Likizo ikifika nina sababu. Mara mavuno, mara ng'ombe ana homa, mara sina nauli. Tukamaliza shule, akaniandikia barua mbili, njoo. Nikajibu nitakuja Desemba. Sikuja. Sikuwa na sababu yoyote ya maana, Mama. Nilidhani siku zipo."

Mama alikuwa akimtazama mdomo.

"Basi siku ile nikamwambia, Bonface, nimekuja. Nimefika kwenu, niko hapa. Amka unionyeshe. Nikangoja. Nikamwambia tena, amka, si ulisema utanionyesha? Ni hayo tu. Nilirudia hayo hayo."

Mama aliyatazama maharage kwenye kikapu, akamtazama Awino, akamrudia Mirumbe.

"Na baada ya kuzika, nani alikuonyesha?"

"Hakuna, Mama. Tulizika, nikapanda boti."

"Hata mto hukuona? Hata mahali yeye alikuwa analala?"

"Hapana."

Mama alishika ukuta, akasimama. Alivaa ndala zake, akafunga leso kiunoni vizuri kama mtu anayekwenda mbali.

"Kuja," alisema.

Awino alibaki mlangoni, akajua hakuitwa. Mama alitangulia na Mirumbe akamfuata nyuma. Alimwonyesha mahali palipokuwa na simba ya Bonface, nyumba yake ya ujana, ambapo sasa palibaki duara la udongo mgumu na hakuna aliyelima. Alimwonyesha mahali Bonface alipoungua mguu kwa maji ya moto akiwa na miaka mitano. Alimwonyesha mpapai alioupanda kwa ubishi baada ya kuambiwa hautaota. Mirumbe aliuliza kila kitu: mguu upi, alilia au alinyamaza, mbegu alitoa wapi. Mama alijibu kila swali kwa ukamilifu, na alipokuwa hakumbuki alisimama akafikiri mpaka akakumbuka.

Mwisho walifika kwenye mwamba mpana ulio juu ya ufukwe, ambapo boti zote za kutoka Mbita zilionekana tangu zikiwa mbali.

"Na hapa," Mama alisema, "likizo zote, alikuwa anasimama hapa. Naita yeye kula, hasikii. Nauliza, unaangalia nini? Ananiambia, Mama, ongeza sima, rafiki yangu wa Isebania ako kwa boti ya leo."

Mirumbe alitaka kuuliza ni likizo ngapi. Alifungua mdomo, akaufunga, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliliacha swali lipite.